Kompyuta ya Parokia na Picha ya Mzee Kosmas

Mbinga,
Alhamisi mchana

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huko chini ziwani najua dagaa wa usipa wanakauka kwa siku moja. Huku juu baridi ya mwezi wa sita imenivalisha masweta mawili, na vidole vimekufa ganzi, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Mguu wa bibi unaendeleaje? Festo ameacha kukimbilia ziwani kabla ya kunywa uji? Mimi siumwi popote. Mama mkubwa ananilisha mpaka nashindwa kuinuka.

Kwenye simu nimekuambia mara tatu kwamba ofisini kwema. Si kweli, mama. Nilishindwa kusema kwa sababu simu ya huko nyumbani anaishika kaka Beno na huweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikia.

Unakumbuka siku uliyonikabidhi kwa Babu Kapinga, karani wa parokia, nimsaidie wakati nasubiri kupangiwa kidato cha tano. Ulimwambia, "Baba, huyu mtoto haongei, ila kompyuta anaijua." Niliona aibu, na nilifurahi pia.

Babu ana folda moja anayoifungua kila siku, ya picha za waumini zilizopigwa kwa ajili ya kadi za jumuiya. Anapenda zionekane kubwa, sura moja moja, kwa sababu majina ya huku unayajua. Kina Kosmas Ndunguru peke yao wako watatu. Babu hasomi jina, anatafuta uso. Lakini kila akizima kompyuta, kesho yake dirisha lile linarudi kuwa orodha ya majina, herufi ndogo kama ulezi, naye anaanza upya kubofya hadi sura zitokee.

"Skola," akaniambia Jumatatu moja, "hii mashine ni kama mgeni mlevi. Kila asubuhi namtambulisha kwa watu wale wale. Huwezi kuifundisha ikumbuke?"

Nikasema naweza. Niliingia kwenye mipangilio, nikakuta kisanduku cha kukumbuka mwonekano wa kila folda hakina tiki, nikakitia. Ningeishia hapo. Lakini Babu alikuwa amesimama nyuma yangu anasema, "Tazama mtoto anavyosoma Kiingereza kama maji," na mimi nikataka kuonekana mwepesi zaidi. Nikabonyeza kitufe cha kufanya folda zote zifanane na hii niliyofungua. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikakubali bila kusoma. Mama, folda niliyokuwa nimefungua ilikuwa ya barua, sio ya picha.

"Tayari," nikamwambia. "Ila usiguse tena hapo juu, Babu, usije ukaharibu."

Akatoka kuwaaga masista mlangoni. Nikafungua folda ya picha. Sura zote zimekwenda, ni orodha tupu. Sasa ilikuwa inakumbuka, lakini inakumbuka vibaya. Nikamsikia Babu akiwaambia masista kuwa amepata fundi. Aliporudi ameshika funguo za kufungia ofisi, kusema "Babu, subiri kidogo" kulinishinda. Nikajiambia nitarekebisha kesho kabla hajafika.

Kesho yake mama mkubwa akasema kahawa imeiva inadondoka, twende wote tukachume. Nikaenda. Usidhani nilisahau. Kila tawi nililoshika nilikuwa naiona ile orodha.

Siku hiyo hiyo akafariki Mzee Kosmas Ndunguru, yule seremala. Mpwa wake akaja kutoka Songea, mimi nikiwa bado shambani, kuomba picha ya kubebwa mbele ya jeneza. Babu akafungua, akakuta majina. Angeweza kubofya kama alivyozoea, zikatokea sura. Hakubofya, kwa sababu nilimwambia asiguse. Akachukua Kosmas Ndunguru wa kwanza kwenye orodha bila kumfungua, akamwekea yule kijana kwenye flashi. Kijana hakumjua vizuri mjomba wake, akapeleka ikasafishwa na kuwekwa fremu.

Mjukuu wa marehemu aliibeba imefunikwa kwa kanga, kwa sababu ya vumbi. Mlangoni mwa kanisa wakafunua. Alikuwa Kosmas Ndunguru wa mashine ya kusaga, ambaye alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi, amekuja kumzika wajina wake. Watu wakageuka kumtazama. Halafu mmoja akacheka. Mke wa yule wa mashine akamshika mumewe mkono, akamrudisha nyumbani kabla ya misa. Na mjane akamsindikiza mzee wake bila sura mbele. Alikuwa anasema polepole, "Hata picha tu?"

Sasa kule mashineni vijana wanatania, "Marehemu, nisagie debe moja." Yeye anacheka. Mkewe hacheki.

Halmashauri ya walei wakaja ofisini. Mwenyekiti akasema, "Mzee Kapinga, umetumika sana. Macho yapumzike." Babu akajibu, "Kweli, macho yangu yamechoka." Mimi nilikuwa pale nawamiminia chai. Nikaendelea kumimina.

Wakati wanakunywa nilirekebisha folda. Dakika mbili tu, mama.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikamfuata shambani kwake. Alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja. Nilimwambia yote nikitazama miguu yangu. Akaokota punje mbovu kama tano hivi, akazitupa.

"Mimi nilikuwa nimeanza kujiogopa," akasema. "Jana nilimsalimia mke wangu nikasita, nikamchunguza uso kwanza kama ndiye."

Nikalia. Hakunibembeleza.

"Umemwambia mama yako?"

"Bado, Babu."

"Anza na yeye, ndiye aliyekuleta kwangu. Halafu Jumapili nakabidhi funguo mbele ya halmashauri. Mimi siwezi kukusemea, Skola. Nikisema mimi, wataona mzee anamsingizia mtoto."

Basi ndiyo hayo. Jumapili baada ya misa ya pili nitasimama mbele yao, mimi ambaye hata somo nilikataa kusoma kanisani. Baadaye nitakwenda kwa mjane, na kule mashineni kwa yule mama asiyecheka. Barua nampa katekista anayeshuka Mbamba Bay kesho asubuhi, ikufikie kabla ya Jumapili. Nimefanya hivyo makusudi. Ukishajua wewe, sitaweza tena kukaa kimya.

Nisamehe kwa aibu niliyokuletea kwa mtu aliyekusimamia kipaimara.

Msalimie baba akirudi na nyavu, na bibi, umwambie nimemtafutia dawa ya kuchua mguu. Festo mwambie anywe uji. Kaka Beno naye msalimie, ila barua hii asiisome kwa sauti mpaka Jumapili ipite.

Ni mimi mwanao,
Skolastika