Miguu ya Buluu

Kwa mama yangu, Bi Asha, Shumba Viamboni.

Assalaam alaykum. Shikamoo mama. Goti linakuruhusu kusali kwa kusimama, au bado unakaa kitini? Na baba mdogo Faki na jirani yake wameshaamkiana, au ugomvi wao wa uchaguzi bado haujaisha? Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila miguu yangu iligeuka buluu, na kucha zake bado. Usishtuke, nitakueleza.

Unajua napika rangi kwenye kiwanda cha khanga huku bara. Maji machafu tulikuwa tukiyamwaga kijitoni, na chini yake kuna bustani ya Mama Neema, jirani yangu, muuza mchicha. Tukipika nyekundu, matuta yake yanakunywa nyekundu. Nikawa sinunui kwake. Siku moja akanisimamisha: "Mpemba, mboga unanunua sokoni. Yangu ina nini?" Nikashika njia yangu. Tangu hapo salamu yangu akawa haitikii, na iliniuma sana, maana ndiye aliyeninywesha uji nilipougua malaria.

Sasa wakubwa wamejenga mabirika ya saruji ya kusafishia maji hayo. Maji ya rangi hutiwa dawa, uchafu ukashuka chini, yakachujwa kwa mchanga na makaa, kisha yakarudi kufulia khanga nyengine. Kama wewe na ukindu wako wa mikeka, maji ya rangi ya mwanzo huyamwagi, unatia ukindu wa pili. Mimi ndiye niliyewekwa kuyaangalia.

Basi alfajiri moja umeme umekatika. Nikaona birika la saruji, maji yametulia, mazoea ya msikiti wetu yakanishika. Nikatawadha, nikatumbukiza na miguu. Kumbe ni birika la mwanzo, la maji ya buluu yasiyosafishwa bado! Kulipopambazuka wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini: "Mpemba katawadhia khanga!" Nikatawadha upya, nikalipa sala yangu. Ya usoni na mikononi ilitoka kwa kusugua, lakini miguu ilizama, na rangi ya khanga haiogopi sabuni, mama.

Napita kwa Mama Neema, akaiona miguu, akashindwa kujizuia: "Leo yamekupata wewe!" Akacheka, nami nikacheka. Nikamwonyesha kijito, maji hayana rangi tena. Akainama akayatazama, akarudi bustanini. Lakini mvua zilipokwisha akalima matuta mapya, na jana kaja mlangoni na fungu la mchicha, kasimama ananitazama.

Nimeupika kwa nazi, kama upikavyo wewe. Nimekula mbele yake, nikamaliza.

Nisalimie mke wangu Time, mwambie sikukuu ya Idi nitakuja inshaallah. Nisalimie na shangazi wa dukani Konde. Baba mdogo Faki mwambie aanze yeye kuamkia.

Mwanao akuombeaye afya,
Hamadi