Mistari Mitatu ya Mama

Jumatatu, 2 Juni

Mfarishi wetu, blanketi la viraka, umekwisha! Miaka miwili ya viraka vya mashati ya marehemu baba, mama akianzia upande mmoja, mimi nikimalizia wa pili. Nimeupiga picha na kumtumia. Sasa anakaa kwa dada, safari ya nusu siku kwa basi. Kapiga simu hapo hapo: umetoka vizuri, mwanangu, ila picha haishikiki, kwa hiyo siku ya maonyesho ya kikundi chetu cha ushonaji anakuja. Nikasema karibu mama.

Jumanne, 3 Juni

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisuta. Mistari mitatu ya mwisho aliyoshona mama niliifumua. Macho yake yamechoka na hataki kuambiwa. Mshono ulikuwa umepinda, hatua moja ndefu, nyingine fupi. Mama Rula — mwenyekiti wa kikundi chetu, haendi popote bila rula — aliutazama akasema upande ule utatutia aibu ukumbini. Nikaufumua kwa wembe, nikashona upya. Sikumwambia mama. Nyuzi zake ziko kwenye kopo la vifungo, sijui kwa nini sikuzitupa.

Kwenye picha haionekani. Lakini mama akishika! Yeye hapigi fundo mwanzo wa uzi, hurudisha sindano mara tatu papo hapo. Mimi napiga fundo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwomba dada amzuie mama, asingizie mgongo. Dada akacheka: mzuie wewe, mimi bado nataka kuishi humu ndani. Begi la mama limefungwa tangu jana. Basi nikamweleza sababu. Akaacha kucheka, akauliza, umefumua mkono wa mama?

Nikakata simu. Nimejichukia siku nzima.

Ijumaa, 6 Juni

Tumetundika. Mifarishi kumi na tisa. Yote nilishaiona kwenye picha za kikundi, nikadhani naijua. Kumbe! Picha inailaza bapa. Hapa ina uzito, ina vivuli kati ya mshono na mshono, feni ikizunguka inatikisika kidogo. Ule wa kahawia wa muuza vitunguu, mwenzetu kikundini, kwenye simu niliupita bila hata kuukuza. Leo nimesimama mbele yake mpaka chai ikapoa. Mshono umepinda huku na huku. Unaona alipochoka, unaona alipojikaza akaendelea. Nimelia, tena mbele ya fundi wa taa.

Mama Rula naye akaja, rula kwapani. Hakupima. Alisema tu, huyu ana mkono wake.

Nikageuka kuutazama wetu. Umenyooka wote. Upande wa mama hauna mtu.

Nikawaza nifumue tena, nishone kwa kupindapinda. Nimuigize mama? Hapana. Hiyo ni mbaya zaidi. Kesho nitakwenda na kopo lenye nyuzi zake, nimwambie kituoni, kabla hajauona.

Jumamosi, 7 Juni

Sikumwambia. Naandika nyuma ya meza ya wageni ili asinione uso. Alishuka kwenye basi akanikumbatia, akanikabidhi begi na miwani. Leo haihitaji, alisema, leo anaona kwa mikono. Nikatia miwani kwenye mkoba wangu, nikamuuliza habari za safari.

Sasa yuko mbele ya mfarishi. Ameanza upande wangu, kiraka kwa kiraka. Anamweleza muuza vitunguu: hili shati la kazini, hili ndilo alilonioa nalo. Watu wamemzunguka. Anawachekesha.

Amefika upande wake. Vidole vimepita mstari wa kwanza wa ile mitatu. Vimerudi. Vinatafuta mwanzo wa uzi.

Vimepata fundo.

Hacheki tena. Ameugeuza mfarishi, anapapasa kwa nyuma, mstari wa pili, wa tatu. Ananiita, kwa sauti ya kawaida kabisa: mwanangu, niletee miwani.

Miwani iko kwenye mkoba wangu, pamoja na lile kopo la vifungo lenye nyuzi zake.