Tangi la Ndoo Mia na Moduli ya Ndani

Buhongwa, 14 Mei 2025

Mpendwa mshauri wa gazeti, shikamoo. Naomba msaada, na naahidi kukueleza yote, hata yanayoniaibisha.

Niko kidato cha tatu, na katika klabu yetu ya kompyuta niliandika maktaba ya programu inayokokotoa kiasi cha dawa ya kuua vijidudu ya kutia kwenye matangi ya maji ya ziwa. Moduli ya nje, yaani sehemu anayoitumia mtu, huuliza ni ndoo ngapi, huzigeuza kuwa lita, ishirini kwa kila ndoo, kisha huiita programu ndogo iliyo katika moduli ya ndani, ambayo inajua lita tu. Mwezi uliopita Luhende, wa klabu ya shule moja ng'ambo ya kivuko cha Kamanga, alinipigia akasema, "Dada, maswali yote hayo ya nini? Tupe ile ya ndani tuiite wenyewe, mbona unatubania?" nami kwa kutaka sifa nikaitoa nje ya maktaba, wakawa wanaipa idadi ya ndoo kama tulivyozoea sote kupima maji, nayo ikaona ni lita, hivyo tangi la ndoo mia likapata dawa ya ndoo tano.

Nimegundua jana, Luhende aliponitumia hesabu zao akinishukuru. Aliongeza kwamba wasichana wanne bwenini wanaumwa tumbo. Sijui kama ni maji. Mwalimu Byabato, mlezi wa klabu yetu, ameshaniandikisha mashindano ya wilaya ya Nyamagana kwa kazi hii hii. Naweza kuifunga ile moduli ya ndani kimya kimya, programu yao igome, na hakuna atakayejua. Nijibu upesi tafadhali: je, ni lazima wajue kuwa ni mimi?

Teodora

Marahaba, mwanangu.

Ndiyo, ni lazima. Nimekujibu kwa simu pia, kwa sababu gazeti lingechelewa, na wewe umeshachelewa siku nzima. Ukiifunga kimya kimya, programu itagoma, lakini maji yaliyomo tangini yataendelea kunywewa.

Hukukosea kwa ubaya, naelewa. Kuficha sasa ndiko kutakuwa ubaya.

Mpigie Luhende. Wasinywe maji yale bila kuyachemsha, na wale wanne wapelekwe zahanati leo. Kisha mwendee Mwalimu Byabato mwenyewe. Programu ile irudi ndani, na wakitaka njia fupi, watengenezee inayouliza kwanza: ndoo au lita? Mashindano huenda ukayakosa, siwezi kukudanganya.

Luhende akipokea simu, anza na maji. Habari zako zifuate.