Kimto cha Pamba cha Babu Yako

Mjukuu wangu Kulwa, mwangaluka! Huku Nkololo tu wazima, na pamba yangu mwaka huu imewapita majirani wote, uliza yeyote. Tena kila nikienda kisimani nawatajia kuwa mjukuu wangu ni askari wa wanyamapori.

Umeniuliza babu yako alifanyaje ile bunduki yake, iliyopiga teke kwa wepesi wake, isimuumize bega. Alishona kimto cha pamba, akakifunga kwenye kitako kwa ukanda wa ngozi, na akilenga alikibana begani kabisa. Kilimsaidia sana. Aliyemfanya akiache ni mimi.

Fisi walikuwa wanatumalizia ndama. Wanaume walipokusanyika kwenda kuwasaka, nilipaza sauti mbele yao: "Jamani, mume wangu kaivalisha bunduki godoro!" Walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Babu yako alikifungua kimto, akanikabidhi, akaenda.

Alimuua fisi mmoja, lakini bega lilivimba hata akawa anakula kwa mkono wa kushoto. Mama yake alipomuuliza, akasema, "Nimeanguka na baiskeli, mayu." Nilikuwa palepale, nikaendelea kumimina uji. Mpaka tunamzika babu yako sikuwa nimemwomba radhi.

Kimto kilichomo kwenye kifurushi nilichokutumia ndicho kilekile, pamba tu nimebadilisha. Unasema huko kambini wanawacheka wanaofunga vimto. Wewe kifunge mbele yao, mama. Wakikucheka, waambie bibi yako alicheka kabla yao, na mpaka leo anaona aibu.

Bibi yako