Dua ya Mama Zuhura kwa Mzungu wa Maji

Newala

Mama, shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya asubuhi huku juu inanitoa machozi.

Namtafsiria injinia Mwingereza anayepima njia ya bomba la maji. Jana tulipanda kutoka bondeni pamoja na Mama Zuhura, mama mtu mzima wa kijiji hiki, mtungi wa maji kichwani mwake. Alipofika kwake alimimina maji kidogo, akatawadha, akaswali. Injinia akaghadhibika.

"Ametembea nusu siku kufuata maji, halafu anayamwaga! Mwambie kwamba Mungu hajawahi kuchimba kisima."

Niliona haya, lakini nikatafsiri. Mama Zuhura hakukasirika. Alimwuliza, "Mwanangu, kwenu nani anakuombea?"

Mzungu aliweka vipimo vyake chini. "Alikuwa mama yangu. Alikufa nikiwa vitani."

"Akiitwa nani?"

"Margaret."

Mama Zuhura akainua mikono, akamwombea "mwana wa Magireti" afya na moyo uliotulia, taratibu, kama anayemwombea mtoto wake wa kumzaa. Mzungu akavua kofia. Macho yalimwiva.

Alipomaliza, Mama Zuhura akaniambia, "Sasa mwambie afanye hima na bomba lake. Mgongo wangu umechoka."

Nilipotafsiri, yule bwana alicheka huku akijifuta uso, akarudi kwenye vipimo vyake na kupima kwa bidii ambayo sijapata kuiona.

Mama, dua zako nimezizoea hata nilikuwa sizisikii tena. Tangu jana nazisikia. Usichoke kuniombea.

Mwanao akupendaye,
Saidi