Ulikuwa Ukiuliza Kwanza, Senge

Senge, shangazi wangu,

Nisamehe nimechelewa hivi kukuandikia. Tangu tukuzike mvua mbili zimepita, na kila nikishika kalamu mtoto analia, au mteja anaita, au usingizi unanibeba nikiwa nimekaa. Leo imebidi. Nimeharibu.

Kibanda chako cha mitumba bado kiko palepale karibu na mpaka, na mkebe wako wa maswali bado unaning'inia mlangoni. Wageni wanaojifunza Kiswahili wanatia karatasi zao humo, nami nabandika majibu ubaoni kama ulivyokuwa ukifanya. Ulisema jibu likizidi kiganja mtu hatalibeba sokoni, basi naandika mafupi. Nilidhani ufupi ndio siri yenyewe.

Halafu Nambi, msichana wa ng'ambo ya mpaka aliyeolewa huku Amukura, akauliza: mtu akiitwa kula anaambiwaje? Siku hiyo nilikuwa na mtoto mgongoni, ana homa. Nikaandika lile ninalowaambia wanangu nyumbani: "Njoo ule, ugali unapoa." Nambi akalikariri, akamwambia mama mkwe wake mbele ya wageni, amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Yule mama akavaa viatu, akaenda kwa binti yake huko Moding. Wiki ya tatu hii hajarudi, na mume anasema Nambi naye arudi kwao.

Nambi alikuja akaweka karatasi yangu juu ya nguo. "Dada, jibu lako limenifukuzia mama." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Fundi viatu wa jirani ndiye aliyecheka: "Mkebe mmerithi, akili mmezika!" Nikamwambia ashone viatu.

Lakini alisema kweli. Wewe hukuwahi kujibu papo hapo. Ulimwita mwenye swali, ukampa kigoda, ukamuuliza, "Unataka kumwambia nani, mwanangu? Na mtakuwa wapi?" Mimi nilikuwa nakereka, wateja wanangoja na wewe unapiga soga. Kumbe nusu ya jibu ilikuwa pale kwenye kigoda. Na usipojua, uliandika tu, "Sijui, nitauliza," bila aibu.

Jumamosi naenda Moding na Nambi. Kosa ni langu, nitalisema kwa mdomo wangu. Kigoda nimekitoa nje tena, na maadamu niko hapa hakuna swali litakalojibiwa kabla mwenyewe hajakikalia. Pumzika, Senge. Nimechoka, lakini sifungi.

Bado nahitaji unitumie uvumilivu wako wa saa nane mchana, jua likiwa kali. Na ile sauti yako ya chini. Na maneno ya kumwambia yule mama, yasiyozidi kiganja. Najua utauliza, basi: ni mzee kwangu, ameaibishwa mbele ya wageni, na tutakuwa kwa binti yake, tumesimama uani, hatujakaribishwa.