Simu Imenitangulia kwa Wifi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaitupa simu hii. Mimi ni fundi cherehani, nimepoteza mimba mbili, sasa nina ya tatu, wiki ya tisa, sijamwambia mtu, hata mume wangu, maana mara ya pili alilia mpaka nikaogopa, basi kila pasi ikipata moto mimi nasoma kurasa za wakunga mtandaoni, na juzi wifi yangu kaja kuchagua mshono, nikampa simu atazame magauni, kumbe katikati ya magauni yanatokea matangazo ya vitanda vya watoto, moja, mbili, tatu, akanitazama tumboni, "Wifi, kuna habari hujatuambia?" nikasema ni mteja aliyevitafuta humo, na tangu hapo sindano imenichoma mara nne. Mwalimu mmoja ninayemshonea akanishauri nitafute programu ya RSS, ile inayokuletea makala mpya za tovuti ulizozichagua mwenyewe, nikazikuta kumi, nikachukua yenye rangi nzuri, sasa inataka barua pepe na majina yote ya simuni, na barua pepe yangu ndiyo hiyo hiyo ya mume wangu. Kidole kiko juu ya "Kubali". Nikiacha kusoma nawaza mabaya, nikisoma natangazwa. Nifanyeje?
Fundi Asiyetulia

Fundi, pole sana, na ondoa kidole hapo! Mteja unampima kabla ya kukata kitambaa, programu unaichagulia rangi? Majina ya watu wako inayataka ya nini? Ifute.

Tafuta isiyodai kujisajili, isiyo na matangazo, inayoweka orodha yako ndani ya simu yenyewe. Kabla ya kuipakua, soma inakusanya nini na inampa nani. Nakili anwani ya tovuti ya wakunga, bandika humo, basi. Anza na tovuti mbili tu. Makala yasome humo humo, maana ukifungua tovuti yenyewe umewarudia wale wale wanaokufuata. Zima taarifa zinazochomoza kwenye kioo. Na picha za mishono zichapishe, uzibandike ukutani, simu yako usimpe mteja tena.

Kliniki nayo uende wiki hii, kurasa hazipimi presha.

Sasa nikuseme. Wenye matangazo wanajua, wifi anashuku, mimi nimejua. Aliyebaki gizani ni baba wa mtoto. Alilia, mama, kwa sababu na yeye alifiwa. Funga cherehani mapema leo, umwambie kabla dada yake hajampigia.